Mwani Uliooshwa kwa Maji ya Kisima

Kigombe, baada ya magharibi

Mwanangu Zuhura,

Salamu ndefu utazikuta katika barua nitakazokuletea baadaye, kwa hiyo leo nazipunguza. Sote wazima, unatuona. Wewe uko chumbani, somo yako anakusuka nywele, na mimi niko ukumbini na taa yangu. Kati yetu pana ukuta wa udongo tu. Ningeweza kuita ukanisikia. Lakini kuna maneno ambayo nikikwambia usoni nitalia kabla sijafika katikati, na kesho asubuhi basi la Tanga halitaningoja nimalize kulia. Naitia barua hii chini ya kanga zako, uisome ukishafika Pemba.

Mambo ya kupika, kufua na kumtunza mume, hayo somo yako amekufunza mpaka mwenyewe umechoka, siyarudii. Mimi nina jambo moja linaloniumiza na nitalisema mapema, nisije nikalizungukazunguka. Tangu ulipoposwa umeacha kuuliza maswali. Baba yako anafurahi, anasema sasa umekuwa mtu mzima. Mimi naogopa. Naogopa usije ukaingia nyumba ya watu umefunga mdomo kama nilivyoingia mimi, maana kufunga mdomo kwangu nusura kunirudishe kwetu Mwera na mkeka wangu kichwani.

Kisa hicho hukijui chote. Unajua kile kipande ambacho marehemu bibi yako alikuwa akikisimulia kuwachekesha wageni. Leo nakupa na kile alichokuwa akikiruka.

Mimi ni mtu wa shamba, unajua. Kwetu Mwera bahari tuliisikia kwa wapitao njia. Nilijua mpunga, nilijua muhogo, nilijua nazi iliyokomaa kwa kuigonga kidole. Nilipoolewa na baba yako nikaletwa hapa Kigombe, somo yangu aliniambia maneno yale yale aliyokwambia wako: bi harusi hana swali. Akitaka kujua kitu atazame, na asipokielewa asubiri. Mimi nilikuwa mtiifu sana, Zuhura, huwezi kuamini ukinisikia leo.

Fungate ilipokwisha, bamvua likaja. Maji yalitoka mpaka mwamba ukabaki mkavu, na mama mkwe wangu, bibi yako Mwanakombo, akanipa pakacha, akasema twende. Wanawake wa hapa walikuwa wakitembea juu ya mwamba kama wanaotembea uani kwao. Mimi nilikuwa naweka mguu, nangoja, naweka mwingine. Na macho yangu, mwanangu, sikujua niyapeleke wapi. Kumbe chini ya bahari kuna shamba, na halina mwenye kulipanda! Kulikuwa na mwani wa kijani mpana kama jani la mgomba lililochanika, na mwingine wa rangi ya kahawia wenye vipira vidogo vinavyopasuka ukivibana. Halafu ule wa miibamiiba, mwekundu huku na manjano kule, unaoteleza mkononi. Bibi yako aliipita yote akawa anachuma ule wa miiba peke yake. Nilitaka kumuuliza kwa nini ule na siyo huu. Swali lilinifika kooni kabisa, nikalimeza.

Tulijaza mapakacha, tukaja tukauanika juu ya makuti nyuma ya nyumba. Ule ulikuwa mwani wa kumuuzia mnunuzi anayetoka Tanga mjini, na bibi yako alikuwa amekwisha kuupangia kazi: fedha yake ndiyo ingeezeka nyumba kabla masika hayajaingia. Paa lilikuwa limechoka, tukilala tunaziona nyota. Kesho yake ikaja habari ya msiba Tongoni. Bibi yako akajifunga kanga, akaniambia, "Mwanangu, mie nalala huko. Nitazamie mwani wangu." Akaenda zake.

Sasa nifikirie mimi, mtoto wa Mwera, nimeachiwa mali ya watu. Niliushika ule mwani, unanata, umeganda chumvi, una mchanga na vijikombe vya konokono. Nikasema moyoni, mama akirudi akaukuta hivi atasema nimeolewa sijui usafi. Kwetu kitu kikitoka shambani huoshwa. Mchele unaoshwa, muhogo unaoshwa, hata kuni zikiingia tope zinapigwa maji. Jirani alikuwa uani kwake, namwona kupitia ua wa makuti anatwanga. Ningepaza sauti kidogo tu, "Dada, mwani huoshwa?" Sikupaza. Bi harusi hana swali.

Basi nikachota maji kisimani, ndoo kwa ndoo, asubuhi nzima. Nikauosha mwani wote, nikauanika. Jioni nikaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, bado una chumvi. Kesho yake nikauosha tena, nikaugeuza juani, nikaumwagia maji mengine ukikauka. Na ukaanza kubadilika, Zuhura. Wekundu ulitoka, umanjano ukatoka, ukawa mweupe, ukaja ukang'aa kama utumbo wa mbuzi uliosafishwa na mtu mwenye subira. Nilijisifu. Nilikaa kizingitini namngoja mama mkwe aje aone.

Alikuja na wanawake wenzake kutoka msibani. Alisimama akautazama ule mwani, akanitazama mimi, akautazama tena.

"Mwanahamisi, huu nini?"

"Mwani, mama. Nimeuosha."

Kisha mmoja wao, yule aliyekuwa na ulimi mrefu kuliko wote hapa kijijini, akasema, "Mrudishe kwao huyu. Kesho atakuoshea samaki baharini." Wakaangua kicheko. Hapo ndipo nilipojua. Mnunuzi huutaka mwani na rangi yake na chumvi yake, uliokaushwa tu. Ukishaingia maji ya kisima haugusi, anasema umekwisha nguvu. Paa la nyumba nilikuwa nimelimwagia maji kwa mikono yangu miwili.

Bibi yako aliketi chini. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliniuliza, "Kwa nini hukuuliza?"

"Nilifunzwa nisiulize, mama."

"Na mie," akasema, "nilidhani huulizi kwa kuwa wajua."

Kipande alichokuwa akikiruka ni hiki. Usiku ule nilimsikia akisema na baba yako nyuma ya ukuta. Alimwambia, "Mtoto wa watu sina ubaya naye, lakini nyumba haiwezi kuendeshwa na mtu asiyesema. Mpeleke kwao kwanza wakamfunze." Baba yako alinyamaza, na wewe unamjua baba yako akinyamaza ni kwamba amekubali. Nilikunja nguo zangu. Nililia kwa aibu, na zaidi nililia kwa kuwa ule mwani ulikuwa umependeza machoni pangu na hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia umependeza.

Kulipokucha tulikuta mbuzi wa jirani ameingia uani, anakula mwani mweupe. Anakula kwa raha zake, amefumba macho. Mimi nilitaka kumfukuza, bibi yako akanizuia kwa mkono. Alivuta kigoda akakaa kumtazama yule mbuzi. Nadhani alikuwa anamngoja avimbe. Jua likapanda, mbuzi akashiba, akalala kivulini akicheua. Bibi yako akainama akamtazama tumbo, akasema, "Hajafa." Nikaiona sura yake imebadilika. Zile hasira zilikuwa zimesogea kando, kuna kitu kingine kimekaa mahali pake. Mwanangu, mimi nilikuwa sina mbele wala nyuma, nguo zangu zimekunjwa mlangoni. Nikasema potelea mbali.

"Mama," nikamwambia, "tukiuchemsha itakuwaje?"

Lilikuwa swali langu la kwanza katika nyumba ile. Alinigeukia, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ninaingia. Akasema, "Sijui." Kisha akasema, "Weka sufuria."

Tuliweka sufuria mafigani, tukawasha makumbi ya nazi. Mwani ulichemka, ukalegea, ukaanza kupotea ndani ya maji kidogo kidogo mpaka ikabaki kama uji mzito usio na rangi. Ulinuka bahari. Bibi yako akauchuja kwa kitambaa, akauacha kwenye bakuli, nasi tukaenda kuswali. Tuliporudi haumwagiki. Aliinamisha bakuli, ukakaa pale pale. Aliligonga kwa kidole ukatetemeka wote, naye akaruka nyuma. "Una roho huu!" akasema. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nilipokuja Kigombe, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mara ya pili tulitia tui zito, sukari na iliki. Ulipoganda ukawa mweupe safi, unakatika kwa kisu. Nikachukua kipande nionje, bibi yako akanipokonya. "Wewe bado wahitajika," akasema. "Naanza mie, nimeshakula miaka yangu." Akatia mdomoni. Akatafuna, akatazama juu. Nikamuuliza, "Ukoje, mama?" Akasema, "Hauna maana yoyote. Nipe tena."

Tulikula tukiwa tumefunga mlango, ili watu wasije wakasema tumerukwa na akili. Lakini bibi yako alikuwa na wasiwasi wa halali na haramu, akanipeleka mpaka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani na sahani imefunikwa. Tukamwamkia shikamoo, tukamweleza. Mwalimu akauliza, "Unalevya?" Bibi yako akasema haulevi. "Unadhuru?" Akasema, "Bado tupo hai, mwalimu." Mwalimu akafunua sahani, akachungulia, akasema, "Basi kuleni. Na hicho kipande cha pembeni kiacheni hapa."

Masika yakaja, paa likavuja kama lilivyotaka. Tulikuwa tunahamisha kitanda huku na huku kukimbia matone. Wale wanawake walituita wala majani, mpaka wenyewe walipoanza kutuma watoto na bakuli Ramadhani ilipoingia. Nguo zangu zilikuwa zimekwisha kufunguliwa siku nyingi. Bibi yako alinifungulia yeye mwenyewe, akazitundika kwenye kamba. Kuanzia hapo akawa haendi mwambani bila mimi, na kila mwani niliouliza jina lake alinitajia, na asioujua alisema haujui, tukauchukua nyumbani tukauchemshe. Mwingi haukuwa na faida. Mmoja ulituharisha, usiwaambie wakwe zako.

Nakusimulia haya kwa ajili yako. Mimi niliyejua haya yote kwa kuungua vidole, ulipokuja wewe nikayasahau.

Ulikuwa mdogo, hujaanza chuo, nakubeba mpaka mwambani, unaniuliza, "Mama, mwani una mizizi?" Nikasema, "Nyamaza, maji yanajaa." Ukaniuliza, "Mama, nani anaula huko unakopelekwa?" Nikasema, "Nyamaza, chuma." Ilikuwa rahisi, Zuhura. Mtu akichoka, nyamaza ndilo neno la karibu. Lakini swali lako lilinifuata. Bamvua lililofuata niliung'oa mmoja nikautazama chini. Hauna mizizi. Umeshika jiwe tu, kwa nguvu kama kiganja cha mtoto, na haulinyonyi lile jiwe kitu chochote. Sasa unakula nini? Nilitaka kukwambia nilichokiona na nisichokielewa, nikaona haya, mtu mzima kumrudishia mtoto swali lake mwenyewe. Leo ndiyo nakwambia.

Na siku za mwisho za bibi yako unazikumbuka, hata kama ulikuwa bado kitoto. Koo lilimfunga. Uji ulimkaba, maji yakamkaba. Baba yako alikuwa anatoka nje kila akimwona anajaribu kumeza. Kitu pekee kilichopita ni ule mwani wetu, umeandaliwa laini, unateleza wenyewe. Tulimlisha kwa kijiko cha chai, na kijiko ulikishika wewe kwa kuwa hakutaka mwingine akishike. Siku moja ukamuuliza, "Bibi, mbona huu unapita na uji haupiti? Unapita wapi?" Mimi nikakukemea, nikasema, "Nyamaza, bibi mgonjwa." Bibi yako sauti ilikuwa imekwisha. Akanyanyua mkono, akanionyesha niondoke njiani. Kisha akakugeukia akafungua kinywa, akafungua sana, ili uchungulie.

Ulichungulia. Ukaleta na taa. Ukasema, "Kuna giza tu, bibi." Naye akacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika. Sikumwona akicheka tena baada ya hapo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu amebakiwa na pumzi za kuhesabika na bado anamfungulia mtoto kinywa ili aone. Na mimi mzima wa afya nilikuwa nakufunga chako. Hilo linanikata maini mpaka leo.

Kwa hiyo usinitazame mimi nilivyokulea, mtazame yeye.

Huko unakokwenda ni watu wa karafuu. Mimi karafuu naijua ikiwa ndani ya pilau, basi. Sijui mti wake una urefu gani, sijui inachumwa ikiwa bado ua au imekuwa kitu kingine, sijui vile vikonyo vyake hutupwa au vina kazi. Nasikia huanikwa juu ya majamvi na mvua ikiipata inaharibika, inapauka. Nilipolisikia hilo nilishtuka, nikaukumbuka mwani wangu. Huenda na hiyo iliyopauka kuna kitu inafaa na hakuna aliyekaa kumtazama mbuzi. Nasema huenda. Mama mkwe wako nilipomwona siku ya ndoa alinipendeza, ana macho yanayotembea. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza atafurahi. Akikasirika, muulize tena siku nyingine, kwa adabu. Wakikucheka, wacheke. Mimi nilichekwa nikabaki, na niliponyamaza ndipo nilipokunja nguo.

Na kuna moja unifanyie. Mumeo Hamadi amefanya kazi bandarini Unguja, huenda amesikia. Nimechuma mwani maisha yangu yote ya ndoa na mpaka leo sijui nani anaula. Mnunuzi wa Tanga nikimuuliza anasema Ulaya. Ulaya wanaufanyia nini? Safari moja alisema wanatia kwenye dawa ya meno, safari nyingine akasema kwenye yale maziwa ya baridi wanayoyalamba watoto wa kizungu, nyingine sabuni. Baba yako anasema wanalisha ng'ombe na wanaona haya kutuambia. Bibi yako alikufa akiamini wanajazia mito. Mimi nataka kujua. Nataka kujua kama kuna mwanamke huko anayeuchemsha, akainamisha bakuli akaona haumwagiki, na kama naye aliruka nyuma.

Sasa la mwisho. Juzi tulipokuwa tunapanga sanduku uliniambia, "Mama, usinifungie ule mwani. Watanicheka." Nikasema haya. Nitakwambia kweli, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, maana nilikuwa nimekwisha kuuosha na kuuanika kwa ajili yako, mweupe, mkavu, mwepesi hata hauongezi mzigo. Lakini neno lako nimelishika. Sikuutia. Fungua sanduku lote, hutauona. Nimechemsha kidogo tu alasiri, nikatia tui na iliki, uko kwenye sinia jikoni unaganda, tule wote asubuhi kabla hujaondoka. Usipotaka kula sitakulazimisha.

Nilikuwa nimefika hapa, nimenyanyua kalamu niandike jina langu, nikasikia somo yako anasema utulie umalizwe kusukwa. Kisha sauti yako, kutoka nyuma ya ukuta:

"Mama, kwani karafuu nazo huoshwa kabla ya kuanikwa?"

Somo akakuambia unyamaze. Mimi nimejibu kwa nguvu ili mnisikie wote wawili. Nimesema, "Sijui, mwanangu."

Na wewe ukasema, "Basi nitawauliza." Kisha ukasema, "Mama, ule mwani mkavu uko wapi? Nifungie. Wakiniuliza wa nini, nitawaambia waweke sufuria."

Uko juu ya kabati, Zuhura. Nainuka kuuleta.

Mama yako,
Mwanahamisi